Nani Ananunua Chokaa?

Mwaka 1785 mwanafalsafa Mjerumani, Immanuel Kant, aliandika kuhusu mwenye duka ambaye hapunji hata mtoto, kwa kuwa anajua udanganyifu hufukuza wateja. Je, huyo ni mwaminifu? Hapa Adams Arcade wengi tungesema: bora chenji imerudi kamili. Nia ni shauri yake.

Ningekubali, kama si habari ya Kasese, magharibi mwa Uganda.

Mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza kazi miaka ya 1950, ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kasese kukabaki lundo la pairaiti, kama tani milioni moja. Pairaiti ni chuma na salfa. Ikikutana na hewa na mvua hutoa tindikali, nayo tindikali huyeyusha metali na kwenda nazo. Maji hayo yaliteremka hadi Hifadhi ya Queen Elizabeth, yakaacha ukanda mtupu usioota hata nyasi.

Dawa inajulikana. Chokaa huzima tindikali, na metali nyingi zikaganda na kutuama. Lakini nani anunue chokaa mwaka baada ya mwaka, wakati waliochimba walishaenda zao?

Jibu lilikuja mwaka 1999, kwa sababu lundo lilikuwa na kobalti. Kampuni ya Kasese Cobalt ilitumia bakteria kuvunja ile pairaiti ndani ya matangi, ikazima tindikali kwa mawe ya chokaa, ikauza kobalti. Safi, si ndiyo?

Sasa panda bondeni Kilembe. Mabaki mengine ya mgodi, yenye kobalti kidogo zaidi, bado yamelala kando ya Mto Nyamwamba. Mafuriko ya 2013 na ya 2020 yaliyamega na kuyasomba kuelekea chini, kwa watu wanaotumia maji hayo.

Kwa hiyo nia si shauri ya mtu binafsi. Mto haujali umesafishwa kwa nini, ni kweli. Lakini anayesafisha kwa faida huishia pale faida inapoishia, na tindikali haiishii hapo. Wajibu ndio unaobaki wakati hakuna cha kuuza.

Nasi Kenya tuna makaa ya mawe bonde la Mui, kule Kitui, na makaa nayo huweza kuwa na pairaiti. Kabla ya kuuliza tutapata megawati ngapi, tuulize pesa ya chokaa imewekwa wapi, na nani anashika ufunguo.