Jino Mfukoni

Jumamosi moja uwanjani, mtaa wa Umoja, niliruka kupiga mpira kichwa. Kiwiko changu kikampata rafiki yangu mdomoni. Jino la mbele likatoka zima, na mzizi wake, likaanguka kwenye vumbi.

Nilifanya kila kitu kwa upendo. Nililiokota, nikalisugua kwa jezi hadi likang'aa, nikalifunga kwa tishu, nikalitia mfukoni. Kisha jam ikatuweka barabarani masaa mawili.

Daktari wa meno hakunigombeza. Alieleza tu. Kwenye mzizi kuna seli hai zinazosaidia jino kushika tena. Nyingine nilizisugua, zilizobaki zikakauka kwenye tishu. Ningelishika ile sehemu inayoonekana mtu akicheka, nilisuuze kidogo bila kusugua, kisha nilirudishe kwenye shimo lake, naye aume kitambaa safi kulishikilia. Ikishindikana, liwekwe kwenye maziwa, tumwone daktari ndani ya nusu saa kama inawezekana. Jino la utotoni halirudishwi.

"Sikujua," nikasema.

Tangu niache chuo, nimekuwa nikiwaambia watu kwamba moyo safi unashinda vyeti. Bado naamini hivyo, kiasi. Lakini mzizi wa jino hauangalii moyo. Haukujali nilivyokuwa nikitetemeka kwa huruma.

Sasa, mtu anaweza laumiwa kwa asichokijua? Nadhani hapana. Hakuna aliyezaliwa akijua habari za seli na maziwa. Ila mfuko mmoja ulikuwa na jino, na mwingine ulikuwa na simu yenye data. Ndani ya matatu niliitoa hiyo simu, nikaandikia kundi letu la WhatsApp kueleza kwamba haikuwa makusudi. Duka la maziwa liko hatua chache kutoka uwanjani.

Kwa hivyo "sikujua" ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote. Sikuuliza. Kutojua ilikuwa bahati mbaya. Kutouliza, huku nikiwa na muda wa kujitetea, huo ulikuwa uamuzi wangu.

Jamaa alinisamehe siku hiyo hiyo. "Ni jino tu, buda," aliniambia. Lakini siku hizi akicheka, hufunika mdomo kwa mkono. Na kila akiufunika, najua ni swali gani nilipaswa kuuliza.