Wimbo na Mkono wa Mwimbaji

Somo: 2 Samweli 12:1–14



Mwalimu mmoja wa mtaa hapa Kimali aliniuliza neno: Je, yampasa Mkristo kuusifu wimbo mzuri wa mtu mwenye mkono mkali? Aliuliza kwa habari ya Koffi Olomidé, mwimbaji wa Kongo, ambaye vijana wetu wamjua sana. Tena mwaka 2020 aliimba pamoja na Diamond Platnumz wa nchi yetu.

Mambo yake hayakufichwa. Mwaka 2012 mahakama ya Kinshasa ilimhukumu kwa kumpiga aliyemsimamia kazi zake. Julai 2016 alipigwa picha katika uwanja wa ndege wa Nairobi akirusha teke kwa mwanamke wa kundi lake, na serikali ya Kenya ikamrudisha kwao. Desemba 2021 mahakama ya rufani ya Versailles, Ufaransa, ilimwondolea mashtaka ya kuwanajisi wachezaji wake, lakini ikamtia hatiani kwa kuwazuia wasitoke, ikampa miezi 18 ya kifungo cha nje. Nataja yote mawili, maana amri ya nane yatukataza kumzidishia mtu makosa.

Basi tujibuje? Kwanza, ustadi watoka kwa Mungu. Katika Kutoka 31 twasoma ya kuwa Bezaleli alijazwa Roho apate akili ya kazi ya mikono. Kwa hiyo hatusemi kwamba wimbo ni mbaya kwa kuwa mwimbaji ni mbaya. Lakini zawadi si nguo ya kufunika dhambi. Sisi Wasukuma, tangu mashindano ya Wagika na Wagalu, twajua jinsi umati unavyomfuata manju hodari, wala hauulizi mkewe alilalaje.

Daudi alikuwa manju wa Israeli. Alitwaa mke wa Uria, akamwua Uria kwa upanga wa adui. Nathani alipoingia kwake hakumsifia kinubi. Alimweleza habari za maskini na mwana-kondoo wake mmoja. Alianza na aliyedhulumiwa.

Tena angalieni jambo hili. Israeli hawakuzitupa Zaburi. Lakini ile ya 51 ina maneno juu yake yanayomtaja Nathani na Bathsheba. Dhambi imeandikwa juu ya kichwa cha wimbo, na kila aimbaye huiona. Wimbo umehifadhiwa, na kweli imehifadhiwa pamoja nao.

Hata sisi Walutheri tumepaswa kufanya hivyo. Twaziimba tenzi za Martin Luther. Lakini mwaka 1543 aliandika kitabu kikali juu ya Wayahudi, akitaka masinagogi yao yachomwe moto. Mwaka 1984 makanisa yetu ya ulimwengu yaliyakataa maneno hayo waziwazi. Tenzi zake hazikutupwa, wala kosa lake halikufichwa.

Ndugu, naandika haya kwa aibu. Zamani, katika usharika niliotumikia, mke wa mwalimu wa kwaya alinijia uso umevimba. Krismasi ilikuwa karibu, na bila mumewe kwaya isingeimba. Nilimwambia avumilie. Usiku ule kwaya iliimba vizuri mno, watu wakalia kwa furaha, na yeye aliketi nyuma, kitanga kimeshushwa hadi machoni. Nilipenda sauti ya waimbaji kuliko kilio cha dada yangu. Mimi sikuwa Nathani; nilikuwa mtumishi wa jumba la Daudi.

Kwa hiyo, enyi walimu na wazee, mwulizeni kwanza aliyepigwa kabla ya kumwuliza mwimbaji. Mtu apigaye nyumbani asisimame mbele ya kwaya mpaka atubu, na toba yake ionekane kwa mkewe kwanza. Mkimsamehe, kumbukeni ya kuwa Daudi alisamehewa, lakini hakuepushwa na matokeo ya tendo lake. Na vijana wakiupenda wimbo, msiwanyang'anye. Waambieni pia kilichoandikwa juu yake.

Bwana atupe masikio ya kusikia wimbo na kilio pia, na kilio kwanza. Amina.