Walikufa Tu

Watu wengi wanaouza tangi la samaki lililotumika wana jibu moja ukiuliza samaki walienda wapi: walikufa tu. Hawadanganyi. Samaki kweli walikufa. Shida yangu ni hiyo "tu". Ni neno dogo lakini linafunga mlango. Ukilisikia unajua maswali yameisha, toa pesa, beba kioo chako uende.

Langu, la lita 60, nililinunua Kisumu kwa kijana aliyekuwa akihama, nikalileta Osiri Matanda kwa matatu nimelipakata kama mtoto mgonjwa. Mpwa wangu, mwenye ndiye alitaka samaki, alikuwa ashachagua kwenye simu: samaki wa dhahabu. (Hapa kwetu hata samaki lazima wawe wa dhahabu.) "Anko, si tunaosha tu na Jik?" akaniuliza. Tu nyingine hiyo.

Kuosha kwenyewe si kazi kubwa. Unamwaga maji, unakwangua utando, unachanganya Jik isiyo na manukato na maji mengi, unaacha dakika kumi hivi, unasuuza mpaka pua isisikie kitu, kisha unalianika juani likauke kabisa. Maji mapya unayatia dawa ya kuondoa klorini. Vijidudu vya madoa meupe, ukungu, bakteria wengi: kwisha.

Lakini si wote. Kuna bakteria wa kifua kikuu cha samaki, jamaa wa hawa wanaotushika sisi mapafu. Wana ganda lenye nta, na klorini huwapiga kofi tu wakaendelea na maisha. Spiriti ya asilimia 70 ndiyo huwaweza zaidi. Ukiwa na kidonda mkononi, wanaweza kuhamia kwako. Halafu kuna shaba. Wafugaji hutia dawa ya shaba kuua vimelea, na shaba hiyo hunywewa na changarawe, kisha hurudi majini polepole na kuua konokono ambao hawakukosea mtu. Jik haiui shaba, kwa sababu shaba haikuwahi kuwa hai.

Hapo ndipo nilipoanza kulitazama jambo hili kama swali la haki, si la usafi. Namna ya kuosha inategemea kilichotokea mle ndani. Anayekunyima habari amekunyima pia uwezo wa kuosha. Unabaki kusugua kwa bidii, kioo kinang'aa, na hujui umeondoa nini.

Mpwa wangu aliniletea mawe ya kupamba. Mazuri, yenye mistari myeupe, ameyaokota karibu na kinu cha kusagia mawe ya dhahabu. Mtu wa Osiri hahitaji kuelezwa: unga wa mawe unachanganywa na zebaki kwenye karai, zebaki inaikamata dhahabu, inakamuliwa kwa kitambaa, halafu inachomwa. Nyingine hupotelea kwenye matope. Huko bakteria huigeuza ikawa aina inayoingia mwilini mwa samaki na kukaa, samaki mkubwa akirithi kwa mdogo kila anapomla. Jik ingeyafanya mawe yale yawe meupe zaidi, basi. Huko Macalder, Nyatike hii hii, mgodi wa enzi za ukoloni ulifungwa 1966. Waliofunga walienda zao. Mabaki yao hayakwenda.

Na ziwa je? Dani yangu huwataja fulu kama majirani waliohama usiku bila kuaga. Mbuta aliletwa kutoka nje miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa kila mahali, na aina nyingi za fulu zikatoweka. Chache zimeendelea kuzaana ndani ya matangi ya kioo huko Ulaya na Marekani. Fikiria hilo bana: samaki wa Nam Lolwe wanaishi kwenye tangi la mzungu, na kwao hakurudiki kirahisi kwa sababu mbuta bado yuko. Ziwa huwezi kulimwaga ukalianika juani.

Rafiki yangu mmoja husema nachimba sana. Ya zamani yazikwe, mgeni apewe mahali safi. Simpingi kabisa. Yeyote aliyewahi kuhamia Nairobi anajua utamu wa chumba kilichopakwa rangi juzi, mtaa ambao hakuna anayejua ulifeli nini nyumbani. Lakini tangi safi kabisa ndilo huua haraka. Mkojo na pumzi za samaki hutoa amonia, na walioigeuza kuwa kitu kisicho na makali ni bakteria wazuri ambao Jik iliwaua pamoja na wabaya. Kuwapata tena huchukua wiki nne, hata sita. Wajanja huomba kipande cha sponji chafu kutoka kwenye tangi la mtu mwenye samaki wazima. Yaani uchafu, ila uchafu unaoujua.

Je, yule kijana alikuwa na deni kwangu? Nadhani alikuwa nalo, ila si kwangu hasa. Mimi nina mdomo, na niliuliza. Samaki atakayemiminwa mle hana wa kumuuliza. Wala sikutaka ripoti ya daktari. "Sijui, waliota madoa, wakaacha kula" ingetosha. "Sijui" hukuacha ukiwa macho. "Tu" hukulaza.

Siku hizi nauliza hata mahali ambapo watu hawaulizi. Juzi sokoni nililiona karai la mtumba, zito, bei ya kuokota. Nikamuuliza mama muuzaji lilikuwa likifanya kazi gani.

"Kufua nguo tu, mwanangu."

Nililiinua nikalinusa, ingawa zebaki haina harufu.