Sifuri Niliyoiandika: Je, Ni Haki Kuwalinganisha Makocha wa Zama Tofauti?



Ndugu zangu wasomaji, mwezi Aprili 2025, siku chache baada ya Idd, tulikuwa hosteli hapa Mbarara tukibishana kuhusu mpira wa kikapu. Timu ya wasichana ya Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, ilikuwa imetwaa ubingwa wa vyuo kwa mara ya 12, mara zote chini ya kocha mmoja, Geno Auriemma. Dada ninayekaa naye chumba kimoja akasema, "Mjadala umekwisha. Kumi na mbili ni nyingi kuliko nane." Nane ni idadi ya vikombe vya marehemu Pat Summitt, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Tennessee kuanzia 1974 hadi 2012. Mimi nilikuwa upande wa Summitt, lakini hoja sikuwa nayo. Nilikuwa na mapenzi tu.

Ubishi ule ningeusahau, kama wiki ile ile nisingekuwa na kazi niliyopewa nyumbani.

Nyumbani kwangu sasa ni Nakivale, wilaya ya Isingiro. Tulitoka Buyenzi, Bujumbura, mwaka 2015, nikiwa na miaka kumi na miwili. Kamati ya vijana ya mtaa wetu ilikuwa imepata uwanja wa zege, wenye mistari iliyochorwa na magoli mawili yaliyosimama sawasawa, na ilitaka kuupa uwanja jina la kocha. Majina yalikuwa mawili. La kwanza ni la mama mmoja Mkongomani tuliyemwita Mama Kocha, aliyetufundisha sisi wasichana kwenye uwanja wa udongo wenye goli moja. Pete ya goli lile aliichomelea fundi wa madirisha, na mpira tuliuziba kwa gundi ya matairi ya baiskeli. La pili ni la kijana aliyempokea, mwenye cheti cha ukocha, aliyeileta timu ya wasichana mpaka Mbarara na kurudi na vikombe viwili.

Kwa kuwa mimi ni mtoto wa chuo kikuu, niliombwa niandae karatasi ya kuwalinganisha. Nikachora jedwali: mashindano, mechi walizoshinda, vikombe. Kwa yule kijana nikajaza nambari. Kwa Mama Kocha nikaandika sifuri, sifuri, sifuri. Nikaona nimefanya kazi ya kisomi, isiyo na upendeleo.

Karatasi ilipita mikononi mwa watu hadi ikamfikia mwenyewe. Nilipokwenda kumsalimia Jumamosi ile, hakunilaumu. Alinikaribisha chai, akaiweka karatasi mezani, akaniuliza, "Mwanangu, mwaka ule tuliporudi njiani, umeuandika wapi?"

Nilijua anasema nini. Mwaka 2016 timu yetu ilialikwa kwenye mashindano fulani. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho katika zama zake. Tulipofika, waandaaji wakasema sheria ya mchezo hairuhusu kufunika kichwa. Tulikuwa watatu tuliovaa hijabu. Waliobaki walitosha kucheza, na walitamani kucheza. Mama Kocha, ambaye ni Mkristo, aliwaambia waandaaji kwamba timu yake haigawanyiki, akatupandisha sote kwenye gari, tukarudi. Mmoja wa wale watatu nilikuwa mimi. Na mimi huyo huyo ndiye niliyeandika kwamba mashindano yake ni sifuri.

Waandaaji wale hawakuizua sheria hiyo. Shirikisho la kimataifa la kikapu, FIBA, lilikuwa linakataza kweli. Bilqis Abdul-Qaadir, dada yetu Mmarekani, alicheza kwa hijabu katika vyuo vya Memphis na Indiana State, lakini alipotaka kwenda kucheza kama mtaalamu nje ya nchi yake, sheria hiyo ilimfungia mlango. Iliondolewa mwaka 2017, na ruhusa ikaanza kutumika Oktoba mwaka huo. Wasichana wa kocha kijana wanacheza leo kwa hijabu wala hakuna anayewauliza. Vikombe vyake ni vya halali kabisa, lakini alipita kwenye mlango ambao mwenzake aliukuta umefungwa.

Basi nikarudi kwenye ule ubishi wa hosteli kwa macho mengine. Summitt alipokabidhiwa timu mwaka 1974 alikuwa na miaka 22. Alilipwa dola 250 kwa mwezi, akafua jezi za wachezaji na kuendesha mwenyewe gari la timu. Sheria ya Marekani iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu ilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kiliandaa ubingwa wa kikapu cha wanawake kwa mara ya kwanza mwaka 1982. Kabla ya hapo ubingwa ulikuwa chini ya chama kingine, AIAW, na Cathy Rush wa chuo kidogo cha Immaculata aliuchukua mara tatu mfululizo, 1972 hadi 1974. Ukifungua orodha ya mabingwa wa NCAA leo, Rush humwoni. Si kwamba hakuchukua ubingwa. Daftari lenyewe lilikuwa halijafunguliwa.

Hapo ndipo nilipolielewa kosa langu. Kuna tofauti kati ya sifuri na nafasi tupu. Sifuri ni ushahidi: alijaribu, akakosa. Nafasi tupu inasema hapakuwa na cha kuhesabu, au hatukuhesabu. Anayeandika sifuri mahali pa nafasi tupu ametoa ushahidi wa uongo, hata kama hesabu zake zote zimejumlishwa sawa. Nasi tumeonywa vikali katika Suratul Mutaffifin kuhusu watu ambao wakijipimia wao hutaka kipimo kamili, na wakiwapimia wengine hupunja. Nilikuwa nikidhani onyo hilo ni la wenye maduka. Jedwali nalo ni mizani.

Lakini nisikimbilie upande wa pili. Rafiki yangu wa hosteli alinijibu vizuri nilipomweleza haya. Alisema, "Kama ugumu ndio kipimo, basi kila aliyetangulia ni bora, na sisi wa leo hatuna la kufanya." Kisha akanikumbusha kwamba Auriemma naye, alipoanza Connecticut mwaka 1985, aliikuta timu ambayo katika historia yake yote ilikuwa imemaliza msimu mmoja tu ikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Hakurithi ufalme. Tena, kumpa mtu alama kwa sababu ya shida zake peke yake ni kumvunjia heshima. Summitt hakushinda mechi 1,098 kwa kufua jezi; alizishinda kwa sababu alijua kufundisha. Mama Kocha pia. Miguu yangu bado inajua kusimama kwenye ulinzi kama alivyotuonyesha. Hiyo ni elimu, si huruma.

Tufanyeje basi? Naona tumechanganya maswali matatu, na ndiyo sababu ubishi hauishi.

Swali la kwanza ni: nani amefanya nini? Hili linajibika kwa hesabu, mradi tuseme daftari lilifunguliwa lini na nani hakuruhusiwa kuingia. Swali la pili ni: nani anafaa kwa kazi ya leo? Hili halimhukumu aliyetangulia. Sayyidna Umar RA alipomwondoa Khalid bin Walid RA katika uongozi wa jeshi, wanahistoria wanapokea kwamba aliwaeleza watu kuwa hakumwondoa kwa hasira wala kwa khiyana, bali alichelea wasije wakadhani ushindi unatoka kwa Khalid. Khalid akabaki kuwa Khalid. Mtu anaweza kukabidhi filimbi bila kuvuliwa heshima.

Swali la tatu ni: nani ana daraja kubwa zaidi? Hapa Qur'ani inatufundisha adabu. Katika Suratul Hadid, aya ya 10, Allah SWT anatueleza kuwa waliotoa mali na kupigana kabla ya Ufunguzi hawako sawa na waliofanya hivyo baadaye; wa mwanzo wana daraja kubwa zaidi. Na papo hapo anatueleza kuwa wote wawili amewaahidi mema. Zingatieni, ndugu zangu. Zama zinahesabiwa, aliyetoa wakati hakuna dalili ya ushindi si sawa na aliyetoa watu walipokuwa wanaingia makundi kwa makundi. Lakini wa baadaye hafukuzwi mlangoni. Na anayepanga madaraja hayo ni Mjuzi wa yaliyo vifuani. Aya imeshuka kwa jambo kubwa kuliko mpira, sidai vinginevyo. Ila adabu ya kupima nimeichukua hapo: kumtaja wa mwanzo kwa uzito wake, bila kumdharau wa pili, na kujua kwamba neno la mwisho si langu.

Niliandika karatasi upya. Nilifuta sifuri zote tatu. Mahali pake niliandika: "Kabla ya 2017. Mashindano hayakuwepo kwetu. Tulialikwa mara moja, tukakataliwa kwa sababu ya hijabu, kocha akakataa kuwaacha watatu." Chini ya jina la kijana niliacha vikombe vyake viwili kama vilivyo, maana navyo ni haki yake.

Kikao kilifanyika. Karatasi ikasomwa kwa sauti, na kura zikapigwa. Uwanja ulipewa jina la yule kijana, kwa tofauti ya kura mbili. Niliumia, sitaficha. Lakini kabla kikao hakijafungwa, kijana mwenyewe alisimama. Alisema hakuwahi kuijua habari ya mwaka 2016, na akaomba karatasi ile ibandikwe kwenye chumba cha mipira, wasichana waisome.

Imebandikwa. Mama Kocha amekwenda kuisoma. Alisema nimekosea herufi moja ya jina lake, nikairekebisha kwa kalamu palepale.

Wewe unayesoma hapa chuoni, kesho utakuwa mwandishi wa majedwali: hospitalini, shuleni, ofisini. Kabla hujaandika sifuri, uliza kwanza kama palikuwa na cha kuhesabu. Tumwombe Allah atujaalie kuwa miongoni mwa wanaopima kwa uadilifu, na asitupunjie siku tutakayopimwa sisi. Amin.

Wallahu a'lam.