Mbalamwezi, Tope na Mlango wa Jirani

Babu yangu wa Rufiji aliwinda paa na funo kwa gobore. Leo bila leseni ni kosa, sheria ya wanyamapori ya 2009 iko wazi, na nashuku hata enzi zake alikuwa anaibia.

Kuhusu mwezi hakuwa na majivuno. Mbalamwezi ikiwaka, alisema, unamwona paa na yeye anakuona, ndiyo maana anajibana kichakani. Giza likiwa totoro anatoka kula, ila sasa kipofu ni wewe. Simba naye yumo kwenye hesabu hiyohiyo. Mwaka 2011 watafiti walioongozwa na Craig Packer walionyesha kwamba simba wa kusini mwa Tanzania walishambulia watu zaidi siku zinazofuata mwezi mpevu, kwa kuwa mwezi huchelewa kuchomoza na jioni inaingia na giza lake. Hapo paa ni sisi.

Basi mwezi nauona mwadilifu. Ardhi iliyolowa siyo. Mvua ikikatika alfajiri, majani makavu hayalii tena chini ya mguu wako, na alama za jana zimefutika. Kila kwato unayoiona ni ya leo. Kingo zake zikiwa bado kali, hajafika mbali. Mnyama kajisaliti kwa kutembea tu. Jambo hilo lilinikera tangu utotoni, babu akanicheka: ulitaka apae?

Nililikumbuka Tandale, masika moja, usiku Mto Ng'ombe ulipofurika na umeme ukakatika. Maji yalipopungua, mama ntilie jirani yetu akakuta mtungi wake wa gesi haupo. Vijana wakanijia na tochi za simu. "Kaka, si wewe mjukuu wa mwindaji? Hebu tusomee."

Nikainama. Nyayo za kandambili, za kulia zimezama kuliko za kushoto: mtu aliyeelemewa upande mmoja. Zilikata chochoroni, zikaishia kwenye mlango ninaoujua. Nyuma yangu kijana mmoja alikuwa ameshika tairi.

Paa ukimsoma umemaliza, unachotaka kwake ni kujua yuko wapi. Wayo wa mtu haukuambii kama kaiba, ana njaa, au alikuwa anaokoa mtungi wake mwenyewe na mafuriko. Nikasema, "Zimepotelea kwenye maji." Nikazikanyaga.

Sijui kama niliokoa mtu au nilimdhulumu mama wa watu. Mtungi haukupatikana. Alirudi kwenye mkaa, na chapati zikapanda bei. Ningeweza kwenda kwa mjumbe kesho yake, kimyakimya, kukiwa kumekucha na vijana wamelala. Sikwenda. Nikipita asubuhi ananiuliza, "Umeamkaje, mwanangu?" na chai ananimiminia mimi kwanza, kabla ya wateja waliotangulia.