Kelele za Moyo na Kimya Chake

Lugha yetu imeutwika moyo mzigo wa maana kuliko kiungo kingine chochote cha mwili. Tukimpa mtu moyo, tunampa ujasiri. Tukipiga moyo konde, tunavumilia. Mwenye moyo mgumu hasikii la mtu. Katika semi hizo moyo ni nafsi yenyewe, ndiyo yenye nyumba. Lakini mtu ambaye moyo wake wa nyama umeanza kwenda kombo hugundua upesi kwamba mioyo hii ni miwili, wala si mmoja. Ule wa nyama haupokei amri. Huwezi kuuambia utulie ukatulia. Hapo ndipo linapozuka swali ninalotaka kulijadili: je, mtu anawajibika kuusikiliza moyo wake kwa kiasi gani, na ana haki gani ya kuupuuza?

Nauliza kwa sababu nimeipita miaka sabini na moyo wangu una kasoro mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni mapigo ya ziada, yaani mapigo yanayokuja kabla ya wakati wake, mara nyingine makumi kwa makumi ndani ya saa moja. Ya pili ni hali ambayo vyumba viwili vya juu vya moyo huacha kupiga kwa mpangilio vikawa vinatetemeka tu, na mwendo mzima wa moyo ukawa ovyo. Kwangu mimi hii ya pili huja na kuondoka. Hukaa saa kadhaa, pengine siku mbili, kisha mwendo wa kawaida hurudi.

Sasa tazama ajabu yake. Kasoro ya kwanza ndiyo yenye kelele. Ukilala kwa ubavu wa kushoto usiku, nyumba ikiwa kimya, utasikia moyo umesimama, umesimama, halafu kishindo! Mtu hushika kifua akidhani saa yake imefika. Daktari alinieleza jambo hili vizuri, nikalipenda kama mwalimu anavyopenda mfano mwema wa ubaoni. Pigo la ziada huwahi mno, likakuta chumba cha chini hakijajaa damu, kwa hiyo huwa pigo dhaifu ambalo aghalabu halisikiki hata kwenye mshipa wa mkono. Baada yake moyo hungoja kidogo. Katika kungoja huko damu huendelea kujaa, na pigo linalofuata husukuma damu nyingi kuliko kawaida. Hilo ndilo linalogonga kifuani. Maana yake ni kwamba kishindo kinachomtisha mgonjwa si cha pigo bovu. Ni cha pigo zima linalorudi kazini.

Kasoro ya pili, kwa watu wengi, haisemi kitu. Wapo walioishi nayo miaka bila kuijua, ikagunduliwa walipokwenda kupimwa kwa jambo jingine. Lakini hiyo ndiyo yenye hatari kubwa. Vyumba vya juu vinapotetemeka bila kusukuma, damu hutuama, hasa katika kijifuko kilicho kando ya chumba cha kushoto, na damu iliyotuama hufanya mabonge. Bonge likichomoka likapanda kwenye ubongo, hicho ndicho kiharusi. Huko Framingham, Massachusetts, mji wa Marekani ambao wakazi wake wamefuatiliwa na watafiti tangu mwaka 1948, taarifa ya mwaka 1991 ilionyesha kwamba hali hii huongeza hatari ya kiharusi karibu mara 5.

Wahenga walituachia methali mbili zinazofaa hapa: debe tupu haliachi kuvuma, na kimya kingi kina mshindo mkuu. Walizisema juu ya watu, nami nazikuta zimo kifuani mwangu. Hofu yangu yote huelekea kwenye debe. Kwa kile kimya, ambacho ndicho chaweza kuninyang'anya mkono wa kulia na ulimi, sina hofu ya kutosha hata ya kunikumbusha kumeza kidonge.

Mtu aweza kusema: basi yazimwe hayo mapigo ya ziada kwa dawa, mgonjwa apate usingizi. Jambo hilo lilijaribiwa, na matokeo yake yanastahili kujulikana nje ya hospitali. Madaktari wa Marekani walikuwa wameona kwamba watu waliokwisha kupata shambulio la moyo, wakawa na mapigo ya ziada mengi, walikufa zaidi kuliko wenzao. Zilikuwapo dawa, enkainaidi na flekainaidi, zilizoyanyamazisha mapigo hayo vizuri sana. Wagonjwa 1,498 wa namna hiyo wakagawanywa kwa kura, nusu wakapewa dawa na nusu vidonge visivyo na dawa. Kufikia mwaka 1989 sehemu hiyo ya utafiti ilibidi isimamishwe. Katika muda wa wastani wa miezi 10 walikuwa wamekufa watu 63 kati ya waliopewa dawa, na 26 tu kati ya wale wengine. Kelele zilikuwa zimenyamaza, na watu walikuwa wamekufa. (Flekainaidi ingali ikitumika leo, lakini kwa watu ambao mioyo yao haina kovu la namna hiyo.) Nimekuwa mkuu wa shule miaka mingi. Najua hamu ya mkubwa ya kupita barazani asisikie sauti darasani, na najua pia kwamba shule iliyo kimya kabisa ndiyo ya kuchunguzwa.

Hata hivyo nisiikuze methali ya debe kupita kiasi, kwani mwili haufuati methali. Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kwamba mapigo ya ziada yanayotokea ndani ya mishipa iletayo damu kutoka mapafuni ndiyo mara nyingi yanayowasha ule mtetemeko wa vyumba vya juu. Tena mapigo ya ziada ya vyumba vya chini, yakiwa mengi mno kwa muda mrefu, yaweza kuudhoofisha moyo. Ndiyo maana mtu hufungwa kile chombo cha kuandika mwendo wa moyo kwa saa 24, yakahesabiwa. Na mtu akizimia, au kifua kikimbana, au pumzi ikimwishia, hapo si pa kutafakari, ni pa kwenda hospitali. Ninachokisema ni kwamba kishindo peke yake si kipimo. Hukumu ya moyo iko katika hesabu, wala haiko katika hisia.

Na hapa ndipo ugumu wa kimaadili ulipo. Hisia ni yangu. Hesabu ni ya watu wengine. Wakazi wa Framingham siwajui, wala hawanijui. Kumeza kidonge kila jioni kwa ajili ya hatari nisiyoihisi ni kuwaamini wageni kuliko kifua changu. Mwenzangu mmoja, mwalimu niliyefundisha naye, alipewa dawa ya kuzuia damu isigande kwa maradhi haya haya. Alipoona miezi inapita moyo umetulia, aliiacha. Hakuwa mjinga wala mzembe; alikuwa mtu wa hisabati. Alijisikia mzima, na kujisikia mzima kuna ushawishi mkubwa. Alipata kiharusi kabla ya mwaka kwisha. Nilikwenda kumtazama. Alinitambua, akatafuta jina langu, akalikosa.

Dawa yenyewe, warfarini, ina tabia zake. Mwanzo ilitumika kuulia panya, ndipo katika miaka ya 1950 ikaanza kupewa watu, na jirani yangu mmoja hachoki kunikumbusha hilo. Huwatoa wengine damu isiyokoma, kwa hiyo hupimwa mara kwa mara. Hugombana na mchicha, kisamvu na matembele. Si kwamba mboga hizo zimekatazwa. Hutakiwa kuliwa kwa kipimo kisichobadilika wiki hadi wiki. Siku hizi zipo dawa mpya zaidi zisizo na masharti hayo, kwa anayezipata na anayezimudu. Mimi nimebaki na ya zamani, na anayepima mchicha nyumbani ni mke wangu.

Epictetus, aliyekuwa mtumwa kabla ya kuwa mwalimu wa falsafa, alifundisha kwamba mambo mengine yako katika uwezo wetu na mengine hayako, na mwili akauweka upande wa pili. Namheshimu sana, lakini naona mstari wake ni mnyoofu mno. Pigo la moyo haliko katika uwezo wangu, kweli. Kidonge kiko. Kuushika mshipa wa mkono kila dakika tano kama askari wa zamu, hilo nalo liko, na nimejiwekea sharti la kuushika asubuhi tu. Moyo hupiga kiasi cha mara 100,000 kwa siku. Anayetaka kuyasimamia yote hatapata nafasi ya kuishi hata moja.

Limebaki suala la walio karibu. Je, niwaambie kila moyo unapogonga? Nikisema kila mara, namfanya mke wangu mgonjwa wa pili. Nikinyamaza, namfundisha kutoamini uso wangu, naye ameusoma kwa zaidi ya miaka arobaini. Nashukuru kwamba salamu zetu zimekwisha kulitatua nusu ya jambo hili. Kwetu mtu hujibu kwanza kwamba hajambo, hata kama amefiwa, ndipo aseme lililopo. Basi asubuhi huniuliza nimeamkaje, nami humwambia, "Sijambo, ila moyo umenigonga tangu alfajiri." Hanishiki kifua wala haniulizi umegonga mara ngapi. Huuliza tu, "Na jana dawa ulimeza, Mwalimu?"