Yule Aliyepewa Talanta Mbili



Mfano wa talanta, ulioandikwa katika Mathayo 25, twaujua sana. Lakini sisi tunaohubiri tuungame jambo moja: yule wa tano twamsifu, yule wa moja twamkemea, na yule wa mbili twampita kama magari ya wageni yaipitavyo Rhotia yakienda Ngorongoro, hali waliomo wote wanatazama mbele tu. Ni nani aliyepata kuhubiriwa habari za mtu wa kati?

Basi mwezi huu wa Julai mtu wa kati yumo nyumbani mwetu. Mtihani wa Kidato cha Sita hufanywa mwezi wa Mei, na matokeo hutoka wakati tupukuchuapo mahindi. Kijana aliyepata Daraja la Kwanza huletwa mbele ya usharika na wazazi wake, pamoja na sadaka ya shukrani, nasi twaimba. Ni vema. Lakini mwenzake wa darasa lile lile, aliyepata Daraja la Tatu, yuko wapi Jumapili hiyo? Tumemwona ameketi nje chini ya mti, na Jumapili ya pili hatukumwona kabisa. Hakuiba, wala hakumtukana mzazi wake. Alipata alama za katikati tu, naye ajificha kama mtu mwenye hatia. Usiku hapati usingizi, akijiuliza kama kuna chuo kitakachompokea, na kama wazee wake waliouza ng'ombe kwa ajili ya shule watamtazama tena kama zamani.

Hatusemi ya kwamba alama si kitu. Mkulima ajua tofauti ya magunia kumi na magunia manne. Lakini aliyevuna manne hachomi ghala lake.

Tena tufahamu talanta ilikuwa nini. Haikuwa sarafu ya kutia mfukoni. Thamani yake ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ndiyo ujira wa kibarua kwa siku. Basi talanta moja ni kazi ya miaka kama 20, na mbili ni ya miaka 40. Yule tumwitaye wa kati alikabidhiwa mali ya kazi ya maisha ya mtu! Naye bwana wake aligawa kwa kadiri ya uwezo wa kila mmoja, wala hakumwonea mtu. Hata siku ya hesabu ilipofika, mkiyalinganisha maneno aliyoambiwa wa tano na maneno aliyoambiwa wa mbili, mtaona ya kuwa sifa ni ile ile na furaha ni ile ile. Yule wa mbili hakuulizwa kwa nini hakuleta kumi. Wala hatusomi ya kwamba walichaguliwa biashara ya kufanya.

Na yule wa tatu, alipotezwa na nini? Si na uchache wa talanta. Yeye mwenyewe alikiri ya kuwa aliogopa, akaenda akachimba. Hofu ndiyo iliyoshika jembe.

Shimo lile twaliona hata leo. Kanuni ya Tume ya Vyuo Vikuu kwa shahada ya kwanza yataka ufaulu wa ngazi kuu katika masomo mawili yaihusuyo kozi, yenye pointi zisizopungua 4, hali A ni pointi 5 na D ni 2. Basi mwenye D mbili anao mlango wa kubisha, ijapokuwa si kila mlango: udaktari wataka masomo matatu, na kozi nyingine zina masharti yake. Asiyefika hapo, viko vyuo vya stashahada, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 serikali imeanza kuwakopesha baadhi ya wanafunzi wa huko pia. Tena aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja sharti athibitishe kimoja kabla ya siku iliyowekwa, kwa namba ya siri anayotumiwa. Lakini kijana aliyevunjika moyo huzima simu yake. Siku zapita, nafasi yapotea, nasi twasema hakuchaguliwa. Alichaguliwa, akazika.

Nasi wazazi tuliushika mpini wa jembe hilo pamoja naye. Ni nani aliyemwambia, "Mtazame mtoto wa fulani"? Mwaka 2023, lilipotangaza matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka uliotangulia, Baraza la Mitihani liliacha kutaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Baraza la serikali limeacha, nasi katika baraza za nyumba zetu twaendelea kuwapanga watoto, wa kwanza hata wa mwisho!

Ndugu zetu wainjilisti, mwezi wa Mei mliwaombea watahiniwa wote kwa pamoja, bila kujua nani atapata nini. Juma hili twawasihi mwende kwanza katika nyumba zile ambazo hazikuleta sadaka ya shukrani. Mkiisha kukaribishwa, msianze na sala. Anzeni kwa kumwuliza kijana kama simu yake imewashwa.